Kwa nini majina ya mwishoni mwa filamu ni mengi hivyo

Ndugu uliyeuliza kama filamu ndefu inaweza kupigwa hapa Mwanza na watu watano: inawezekana, ila kila mmoja atabeba kazi za watu wanne. Mwongozaji na mpiga picha unawajua. Wanaosahaulika ni fundi sauti na mtu wa mwendelezo. Chukua mazungumzo mafupi pale ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck. Upepo wa ziwa unapiga maiki, boti linanguruma. Fundi sauti ndiye anayesema turudie, na kabla hamjaondoka anarekodi hata ukimya wa mahali penyewe, ili mhariri apate cha kuzibia mapengo. Mtu wa mwendelezo anaandika shati lilifungwa vifungo vingapi, soda ilibaki kiasi gani kwenye glasi, maana nusu ya pili ya tukio hilohilo huenda ikapigwa wiki ijayo. Kuna pia mwongozaji msaidizi, ambaye kazi yake kubwa ni ratiba (na kupigiwa kelele). Huku karibu na ikweta jua linazama upesi, akichelewa mmelala. Taa, mavazi, vipodozi, usafiri, hao wapo pia. Mkibanwa na bajeti kateni droni kwanza, fundi sauti abaki.