Maswali yenu: Watu wa kwao wameingiaje hapo?

Mwenye ploti aliposikia jina langu la pili alisema chumba kimeshachukuliwa. Nikamwambia, "Nyinyi wa huko ndivyo mlivyo, wakabila." Nilikosea?

Ulikosea, na inaniuma kwa sababu haki ilikuwa yako. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamkataza mtu yeyote, si serikali peke yake, kumbagua mwenzake kwa kabila. Ungemuuliza: "Asubuhi kwenye simu chumba kilikuwepo. Nimetaja jina, kimechukuliwa na nani?" Hapo angebaki yeye na alichokifanya. Ulipowaingiza watu wa kwao, ulimletea watetezi ambao hata hawamjui. Andika tarehe na maneno yake yalivyokuwa, kisha upeleke malalamiko kwa Tume ya Uwiano na Utangamano. Na usiwachochee wapangaji wenzako dhidi ya kabila lake. Tuliyaona hayo 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi.

Jirani anasema Wasomali wote ni magaidi. Nimjibu kwamba Wasomali ni wakarimu na wacha Mungu?

Usimjibu hivyo. Ukiwafanya wote malaika, kesho mmoja akiiba atakuletea huyo. Mtajie Salah Farah, mwalimu aliyekuwa ndani ya basi la kwenda Mandera Desemba 2015. Al-Shabaab walitaka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, na Waislamu hao wakakataa. Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mtu mmoja anatosha kulivunja neno "wote". Kisha muulize jirani ni Msomali gani aliyemkosea, na lini. Wengi hawana jibu. Akiwa nalo, msikilize. Huenda kweli alikosewa, na aliyemkosea ana jina.

Lakini si kuna ukweli kidogo katika tabia za makabila?

Hapana. Swali hili hunifikia kila mara, na sijawahi kulipata kutoka kwa mtu anayeuliza kuhusu kabila lake mwenyewe.

Mbona Watanzania wanataniana kikabila na hawagombani?

Kwa sababu utani una wajibu. Mtani anayekucheka leo ndiye atakayefika msibani kwako akafanya kazi, nawe una ruhusa ya kumrudishia kwa maneno makali vilevile. Wewe umeniandikia kwamba unamtania kijana wa ofisini, na kwamba yeye hucheka tu. Wewe ni bosi wake. Atakurudishia vipi? Mwombe radhi kesho asubuhi, mbele ya wale waliocheka.