Kisiwa cha Marijani: mvua inyeshe wapi, ukavu ukae wapi?

SWALI: Ninaandika riwaya na nimejichorea nchi ya kubuni iitwayo Marijani. Ni kisiwa katika Bahari ya Hindi, mbali na bara la Afrika, kuanzia latitudo 6 hadi 14 kusini mwa ikweta. Katikati kuna safu ya milima iliyonyooka kaskazini hadi kusini. Kilele chake ni mita 3,200 na kina theluji. Magharibi nimeweka msitu mnene, mashariki jangwa hadi ufukweni. Mlimani kuna ziwa linalotoa mito miwili, mmoja unashuka mashariki na mwingine magharibi. Mji mkuu uko mita 1,800, bandari kuu iko pwani ya mashariki. Nchi nzima ina masika na vuli, na sura ya kwanza inaanza na mvua kubwa ya radi mwezi Agosti hapo bandarini. Rafiki yangu mwalimu wa jiografia anasema ramani hii haisimami. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Rafiki yako anasema kweli kwa sehemu kubwa, lakini usiichane ramani. Milima iache ilipo, na kisiwa kibaki na urefu wake, ambao kwa latitudo hizo unakaribia kilomita 900. Kilichokosekana ni upepo. Umechora nchi kavu, ukaipaka kijani huku na kahawia kule, na upepo hukuuweka popote. Katika latitudo ulizochagua, upepo ndio unaogawa mvua.

Anza na kusi. Kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, kisiwa kama Marijani kingepigwa na upepo wa kusini-mashariki, siku nenda siku rudi. Upepo huo umesafiri maelfu ya kilomita juu ya bahari yenye joto, umebeba mvuke wa kutosha. Ukikutana na safu ya milima hauna njia ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, mvuke hugeuka mawingu, na mvua huangukia upande ule ule unaopigwa, yaani mashariki. Hewa inayofanikiwa kuvuka imeshaacha maji yake nyuma. Tena ikishuka hupata joto upesi kuliko ilivyopoa: yenye mawingu hupoa kama nyuzi 5 au 6 kwa kila mita 1,000 inazopanda, lakini kavu inayoshuka huongezeka karibu nyuzi 10 kwa kimo hicho hicho. Kwa hiyo magharibi hufika ikiwa kavu na ya moto. Hicho ndicho kivuli cha mvua, na wewe umekigeuza: jangwa umeliweka mahali pa msitu.

Mfano mkubwa ni Madagaska. Toamasina, kwenye pwani ya mashariki, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Toliara, kusini-magharibi mwa kisiwa hicho hicho, hupata takriban 400. Wewe uliye Tanga huna haja hata ya kupanda chombo. Panda Amani, kwenye Usambara Mashariki, ukakute mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka, kisha zunguka nyuma ya milima ushukie Mkomazi uone miiba na vumbi.

Mambo yangekuwa mepesi kama kungekuwa na kusi peke yake. Lakini kuna kaskazi pia, na hapa ramani nyingi za kubuni huharibika hata mikononi mwa watu wanaokijua kivuli cha mvua. Desemba hadi Machi jua liko kusini mwa ikweta, na ukanda mvua, yaani eneo karibu na ikweta ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kuleta mvua, hushuka nalo. Pepo zinazotoka kaskazini zikishavuka ikweta hupinda, na zikifika kwenye latitudo zako huwa zinatokea kaskazini-magharibi. Kwa miezi hiyo upande wa magharibi ndio unaopigwa, hasa ncha ya kaskazini. Nenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kilicho karibu latitudo 12 kusini: miteremko ya magharibi ya mlima Karthala hupata mvua nyingi kuliko ya mashariki. Madagaska inakikinga kisiwa hicho na nguvu ya kusi, kwa hiyo mvua zake kubwa huja na kaskazi. Ukiung'ang'ania msitu wako wa magharibi, dawa yake ndiyo hiyo: kisogeze Marijani nyuma ya kisiwa kingine kikubwa kitakachopokea kusi kwa niaba yake. Mimi nisingefanya hivyo. Utalazimika kubuni nchi ya pili, na hadithi bado hujaimaliza.

Kikibaki peke yake baharini, kisiwa chako kina sura tatu. Mashariki yote ni mbichi karibu mwaka mzima: msitu, maporomoko, barabara zinazokatika, mashamba ya vanila na karafuu. Kaskazini-magharibi ina msimu mmoja mzito wa mvua, Desemba hadi Machi, halafu inakauka Juni hadi Septemba. Hapo ng'ombe wanawezekana, mpunga wa mabondeni unawezekana. Kusini-magharibi ndiko kwenye ukavu wa kweli, kwa sababu kusi inafika imeshakamuliwa na kaskazi inafika imechoka. Pakupendeze: mibuyu, vichaka vya miiba, visima vya maji ya chumvichumvi. Kama unataka nyika hiyo iwe pana, isogeze safu ya milima karibu na pwani ya mashariki. Madagaska iko hivyo, na ndiyo maana mito yake mirefu, kama Betsiboka na Mangoky, inaelekea magharibi.

Lakini nimesema nyika. Jangwa halisi linalogusa bahari katika tropiki mara nyingi hupata msaada wa maji baridi. Namib ina mkondo wa Benguela, Atacama ina mkondo wa Humboldt. Maji baridi hupoza hewa ya chini, hewa hiyo haipandi, na mvua hainyeshi ingawa ukungu upo. Marijani imezungukwa na maji ya moto. Mkondo wa Ikweta wa Kusini, unaokwenda magharibi kwenye latitudo hizo, ni wa vuguvugu. (Kwa kweli kisiwa chako kingeukatiza mkondo huo, ambao tawi lake linapita mwambao wa Tanzania kuelekea kaskazini. Wavuvi wa Mafia wangekuwa na neno la kukwambia.) Kuna Somalia, utasema, na ni hoja nzuri: Mogadishu iko pwani na bado mvua yake ni chache, mbali sana chini ya Mombasa. Huko kusi huenda sambamba na pwani badala ya kuigonga, na huvuta maji baridi ya chini yapande juu. Kwa kisiwa chenye mlima uliokingama mbele ya upepo, hali hiyo haipatikani.

Misimu sasa. Masika na vuli ni mali ya watu walio karibu na ikweta, ambao ukanda mvua hupita juu yao mara mbili, ukienda na ukirudi. Kadiri unavyokwenda kusini, mapito hayo mawili husogeleana mpaka yakawa msimu mmoja. Tanzania yenyewe imegawanyika hivyo: Tanga, Dar es Salaam na Moshi wana misimu miwili, ilhali Dodoma, Mbeya na Mtwara wana mmoja tu, wa kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ncha ya kaskazini ya Marijani, penye latitudo 6, naweza kukuruhusu vuli hafifu. Kusini mtu akitamka vuli watamwona mgeni, na hilo lenyewe linaweza kukufaa katika riwaya.

Theluji iondoe. Usawa wa bahari katika eneo hilo wastani wa joto ni kama nyuzi 27. Kwa kawaida joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kilele cha mita 3,200 kinabaki na wastani wa nyuzi 6 hivi. Ni baridi ya kuvaa koti. Theluji ya kudumu katika tropiki hutaka kimo cha karibu mita 5,000, ndiyo maana Kilimanjaro, yenye mita 5,895, inayo. Piton des Neiges ya Réunion ina kimo karibu sawa na chako, iko latitudo 21 kusini, mbali zaidi na ikweta, na bado theluji huko ni tukio la nadra. Unachoweza kupata ni umande unaoganda alfajiri za Juni na Julai, usiku ukiwa hauna mawingu. Wakulima wa Makete wanaujua vizuri, na wao wako chini ya mita 3,000. Jambo jingine: usidhani kileleni ndiko kwenye mvua nyingi zaidi. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro mvua hufikia kilele chake karibu mita 2,200, halafu hupungua kadiri unavyopanda. Juu ya msitu wako wa mashariki weka ukanda wa mawingu, na juu ya mawingu weka mawe, nyasi fupi na jua kali.

Mji mkuu kwenye mita 1,800 ni uamuzi mzuri, sikutegemea. Hesabu inatoa nyuzi 15 hivi kwa wastani. Ukiuweka kwenye uwanda mpana ongeza nyuzi mbili au tatu, kwa kuwa ardhi pana iliyo juu huipasha hewa yake. Nairobi, iliyo karibu na kimo hicho, ina wastani wa nyuzi 18 au 19. Watu wako watalala na blanketi mwaka mzima, na Julai watalalamika.

Kuhusu ziwa: ziwa hupokea mito mingi lakini hutoa mmoja. Mlango wa maji ulio chini zaidi huzidi kuchimbwa na mkondo, uso wa ziwa unashuka, na mlango mwingine wowote unakauka. Ziwa Victoria hupokea Kagera, Mara, Nzoia na mingine, lakini hutokea Jinja peke yake; Tanganyika hutokea kwa mto Lukuga; Rukwa haina kabisa pa kutokea. Mito nayo huungana ikishuka, haigawanyiki, isipokuwa kwenye delta kama ya Rufiji. Ila wazo lako lina namna ya kuokolewa. Kwenye mgongo wa milima ya Rwanda na Burundi, mvua ya mteremko wa magharibi huenda Kongo na kuishia Atlantiki. Ya mashariki, hatua chache tu kutoka hapo, huingia Kagera, Victoria na Nile mpaka Mediterania. Weka chemchemi mbili, moja kila upande wa mgongo, na ziwa liwe la mto mmoja. Ule wa magharibi utavuka nyika kavu ukiwa na maji ya mlimani, kama Pangani inavyofanya, na vijiji vyote vya kusini-magharibi vitajipanga kando yake.

Vimbunga hukuvitaja, na nusu ya kusini ya nchi yako imekaa njiani mwavyo. Kati ya ikweta na latitudo 5 havizaliwi kwa kawaida, kwa sababu mzunguko wa dunia hapo hauna nguvu ya kutosha kuvizungusha. Kuanzia hapo kwenda kusini, Novemba hadi Aprili, ni uwanja wavyo. Hata kaskazini si salama moja kwa moja: Zanzibar ilipigwa mwaka 1872, Lindi 1952, na Mei 2024 Hidaya ilifika karibu na Mafia. Ukiandika kimbunga, kumbuka upande wetu wa ikweta kinazunguka kama mshale wa saa. Jicho likipita juu ya mji, upepo hutulia, kisha hurudi ukitokea upande wa pili.

Limebaki suala la bandari, na hapa utalazimika kuchagua. Pwani ya mashariki hupigwa na mawimbi ya kusi miezi kadhaa mfululizo. Nahodha mwenye akili angetia nanga magharibi, kama Mji wa Zanzibar ulivyokaa upande wa magharibi wa Unguja. Ukiihamishia bandari kaskazini-magharibi, vyombo vitakuwa salama, lakini Agosti hapo ni vumbi na anga jeupe, na mvua yako ya radi itabidi ihamie Januari. Ukiiacha mashariki, mvua ya Agosti unayo, lakini si ya radi: ni rasharasha zinazokuja na upepo, zinanyesha robo saa, zinaacha, zinarudi, na nje ya mwamba bahari inachafuka kiasi kwamba hakuna chombo kinachoingia.