"Mama, hii mbona nzito?"

Ramadhani ya mwaka juzi tulialikwa futari kwa jamaa mmoja hapa Houston, mtu tunayeheshimiana naye tangu tukiwa Dar. Wanaume wako sebuleni, sisi jikoni tunapakua, watoto wamejazana chumbani. Mara mwanangu, wakati huo ana miaka sita, akasimama mlangoni na bastola mkononi. "Mama, hii mbona nzito?"

Nikamwambia polepole, "Iweke chini, baba, njoo kwangu." Akaiweka kwenye zulia, mtutu ukielekea ukutani. Ilikuwa na risasi. Mwenyewe huilaza chini ya mto wa kitandani.

Kwetu mtoto ana bastola mbili za plastiki alizonunuliwa Idi. Usiku ule sikulala. Kilichomtia shaka ni uzito tu, maana kwa macho aliona toi kama zake. Baadaye nikasoma utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Pediatrics. Wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliachwa kwenye chumba kilichofichwa bastola ya kweli isiyo na risasi. Walioiona ni 48, walioishika 30, na 16 wakavuta triga. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni toi au hawakuwa na hakika. Na wengi wa walioishika walikuwa wameshafundishwa habari za usalama wa silaha!

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, kumwambia mtoto "usiguse" hakutoshi. Mzoesheni. Mimi kanuni yangu ni moja kwa kila bunduki asiyoijua, iwe toi au ya kweli: usiguse, toka hapo, mwite mkubwa. Tulianza kwa kuigiza pamoja, kisha nikawa naficha bastola ya plastiki asiyoifahamu nyuma ya mto wa kochi bila kumwambia. Mara ya kwanza aliichukua. Mara ya pili aliitazama, akanyoosha mkono, akaurudisha. Ya tatu nilikuwa nakaanga sambusa, akaja mbio, "Mama, kuna bunduki kwenye kochi!" Nilizima jiko nikamkumbatia. Akija kukuambia usimfokee hata kidogo, hata kama alikuwa mahali ulipomkataza. Ukimfokea leo, kesho atanyamaza.

Toi zake sikuzitupa. Sisi wenyewe utotoni tulichonga bunduki za mti. Ila haelekezi kwa mtu, na hazitoki nje ya mlango wetu. Hili la pili sina mjadala nalo. Sheria ya Marekani tangu 1988 inataka bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya machungwa, lakini ncha hung'oka. Novemba 2014 mjini Cleveland, Tamir Rice, mtoto mweusi wa miaka 12, alikuwa bustanini na bastola ya kurusha vigololi vya plastiki ambayo ncha yake ilikuwa imetolewa. Gari la polisi lilifika, na ndani ya sekunde chache akawa amepigwa risasi. Wanetu pia ni weusi.

Mwenye silaha, weka kwenye kasha la kufuli, risasi zifungiwe mbali nayo. Chini ya mto si mahali, juu ya kabati pia si mahali. Hapa Texas, ukizembea mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia silaha iliyo tayari kufyatuka, una kosa kisheria.

Lililonipa tabu zaidi ni kuuliza. Kwetu mgeni haulizi vya ndani vya mwenyeji. Sasa napiga simu kabla hatujatoka nyumbani. Jumamosi iliyopita nilimpigia rafiki yangu: "Dada, usinielewe vibaya, nakuja na watoto. Hapo kwako kuna silaha? Imefungiwa?"

Akanyamaza kidogo. "Ipo, shemeji yako anaiweka kwenye droo. Subirini kwanza, nimwambie aifungie."

Tukasubiri hadi aliponipigia tena, ndipo tukawasha gari.