Uliza Ujibiwe: Lijamu gani haitamuumiza farasi wangu?

Safari hii barua nyingi zimekuja kuhusu mdomo wa farasi, na karibu zote zinataka niwatajie lijamu moja, yaani kile chuma cha mdomoni, iliyo laini kuliko zote. Hiyo haipo jamani. Kuna lijamu inayoenea kwenye mdomo wa farasi wako na kuna isiyoenea, kwa hiyo majibu yangu mengi leo yanaanzia ndani ya mdomo, dukani tutafika baadaye.

SWALI: Habari za kazi dada. Nina farasi jike wa miaka 9, bandani mpole kabisa, ila nikishampanda tu na kushika hatamu anaanza kurusha kichwa, anaachama, saa nyingine anatoa ulimi pembeni. Natumia lijamu ya pete mbili yenye kiungo kimoja katikati, niliambiwa ndio ya upole. Wenzangu wanasema nikaze ukanda wa puani afunge mdomo, wengine wanasema ninunue lijamu kali. Nifuate lipi?
Nimechanganyikiwa

JIBU: Usifuate hata moja mdogo wangu. Farasi anayeachama akishikwa hatamu anakwambia kuna kitu kinamuuma, sasa ukimfunga mdomo maumivu yako palepale ila wewe huyaoni tena. Huo ukanda ulegeze mpaka vidole viwili vya mtu mzima vipite chini yake, na upimie mbele juu ya mfupa wa pua, sio pembeni, maana pembeni pana uwazi na hata mkanda uliokazwa sana utaona vidole vinaingia.

Halafu mwite daktari wa mifugo anayejua meno ya farasi, hili naomba sana lije kabla ya kununua chochote. Magego ya farasi yanaendelea kusukumwa nje kadiri yanavyosagika, na kwenye kusagika huko yanabaki na ncha kali, ya juu upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Ukivuta hatamu shavu linagandamizwa kwenye zile ncha, hapo ukibadilisha lijamu hata kumi atarusha kichwa tu. Kuna na vile vijino vidogo ambavyo farasi wengine wanaota mbele kidogo ya gego la kwanza, havina kazi yoyote, ila chuma kikivigonga vinauma. Mwambie daktari avitafute, na vingine vinakuwa vimejificha chini ya fizi. Farasi mzima aangaliwe meno angalau mara moja kwa mwaka. Na muda huohuo mwambie apapase mgongo na aangalie tandiko, maana farasi mwenye mgongo unaouma naye anarusha kichwa vilevile na watu wanalaumu mdomo.

Meno yakiwa safi ndio tuje kwenye lijamu yako. Hiyo ya kiungo kimoja ukivuta hatamu zote mbili inajikunja, inabana ulimi na kingo za taya kama koleo, na kwa farasi ambaye kaakaa lake limeshuka kile kiungo kinaweza kumgusa juu. Wapo farasi wanaoenda nayo vizuri miaka yote siwezi kusema ni mbaya, ila huyu wako anaachama na kutoa ulimi, na hiyo mara nyingi ni dalili kwamba ulimi umekosa nafasi. Fanya hivi. Akiwa ametulia na amefunga mdomo, mpanulie midomo kwa upande taratibu uangalie pale pasipo na meno, kati ya meno ya mbele na magego. Ukiona ulimi umejaa unafura kutokea pembeni basi ana ulimi mnene na nafasi ya chuma ni ndogo. Kisha ingiza kidole gumba hapohapo pembeni upapase ukingo wa taya, kuna farasi wana ukingo mpana wa mviringo na kuna wengine umechongoka kabisa, juu yake ni fizi nyembamba tu halafu mfupa. Ukishapagusa mwenyewe kwa kidole utaelewa kwa nini mkono mzito unamtoa farasi machozi.

Kwa huyo ningejaribu lijamu ya viungo viwili, yenye kipande kidogo cha mviringo katikati, inalala juu ya ulimi bila kukunjika kwa nguvu. Kuwa makini usichanganye na ile yenye kipande bapa kinachokaa kimshazari, zikining'inia dukani zinafanana lakini ile ukingo wake unakandamiza ulimi. Akiikataa na hiyo, jaribu fimbo nzima isiyo na kiungo iliyopinda kidogo katikati kuacha njia ya ulimi, wapo farasi wanaotulia sana kitu kikiacha kuchezacheza mdomoni. Azima kwanza kama kuna wa kukuazima, uioshe, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, ukibadilisha lijamu na ukanda na tandiko siku moja hutajua kilichosaidia ni kipi. Unachotafuta ni farasi anayetafunatafuna kidogo kidogo mdomo umefungwa, midomo ina unyevu, shingo imelegea, masikio yanacheza. Na ukimaliza kumpanda, kila mara, fungua pembe za mdomo uangalie kama kuna wekundu, mchubuko au povu lenye rangi ya waridi. Povu la rangi hiyo lina damu, siku hiyo umeshamaliza na chuma hakirudi mdomoni mpaka apone.

SWALI: Nimesikia lijamu ikiwa nene ndio inakuwa laini maana uzito unasambaa. Nimeona moja ya milimita 22, ninunue?
Mpenda Starehe za Farasi

JIBU: Hapana. Hiyo hesabu ya kusambaa ni kweli ukiwa umeishika mkononi, lakini mdomo wa farasi sio mkono, ulimi wenyewe umeshaujaza karibu wote. Ukiongeza chuma cha milimita 22 hapo katikati unampa kitu anachokibeba kati ya ulimi na kaakaa muda wote hata kama hujagusa hatamu. Nyembamba sana nayo inakata, ndio maana kanuni za dresaji (yale mashindano ya kuonyesha hatua na utii wa farasi) za shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, zimeweka kiwango cha chini cha milimita 14 kwa lijamu ya kawaida ya farasi, na 10 kwa poni, wale farasi wa aina ndogo. Wengi wanakaa vizuri kati ya 14 na 16. Ingiza vidole viwili pale pasipo na meno umwache afunge mdomo, utasikia mwenyewe vinavyobanwa.

SWALI: Nitajuaje saizi bila kununua kwanza? Farasi wangu ni wa kuchanganya, kichwa kikubwa pua ndogo.
Baba Wawili

JIBU: Kaka, usipime kwa ukubwa wa kichwa, kinadanganya. Chukua kamba safi, ipitishe mdomoni pale lijamu inapokaa, inyooshe bila kuvuta midomo, weka alama pale kamba inapotokea kila upande, kisha pima kati ya alama hizo mbili. Ukichagua lijamu yenye pete zisizozunguka ongeza kama nusu sentimita tu, ya pete zinazozunguka ongeza hadi sentimita moja, la sivyo tundu la pete litamfinya ngozi ya mdomo. Nyingi zinaangukia kwenye sentimita 12.5 ila usibahatishe. Ndefu kupita kiasi nayo ni shida, inateleza kushoto kulia na kiungo kinahama katikati. Kuhusu urefu wa mikanda ya mashavuni, ile kanuni ya kukaza mpaka pembe za mdomo zitoe mikunjo miwili usiishike kama sheria, mwenye midomo minene na mwenye midomo myembamba hawakunjani sawa. Anza na mkunjo mmoja mdogo, angalia chuma hakigongi meno na hakivuti midomo juu, basi.

SWALI: Mpira au chuma?
Haraka

JIBU: Mpira ni mlaini kweli ila huwa mnene, na kwa farasi mwenye mdomo mkavu unakwaruza. Ukiutumia, kila siku pitisha kidole kutafuta alama za meno, umetafunwa tupa. Chuma cha pua, yaani kile kisichoshika kutu, kinadumu na kinabaki laini. Shaba inasaidia wengine kutoa mate lakini ni laini inalika, nayo ikaguliwe kingo.

SWALI: Je naweza kuacha lijamu kabisa nikatumia hatamu za puani? Farasi wangu alichanika ulimi zamani, kovu lipo.
Mama wa Kovu

JIBU: Unaweza, na kwa kovu hilo ningeanza na hilo hilo. Wanaoshindana kuruka viunzi chini ya FEI wanaruhusiwa kushindana bila lijamu, dresaji ya FEI hairuhusu, kwa hiyo inategemea unataka kufanya nini naye. Lakini dada, usidhani bila chuma maana yake bila maumivu. Ile hakamori, yaani hatamu za puani zenye mikono mirefu ya chuma pembeni inazidisha nguvu ya mkono wako mara kadhaa, inabana pua, kidevu na utosi kwa pamoja. Chukua ya kawaida isiyo na mikono, hatamu zimefungwa pembeni mwa ukanda wa puani. Ukanda ukae juu kwenye mfupa, kama vidole vinne kutoka matundu ya pua, chini ya hapo ni gegedu laini na utamziba pumzi. Mfundishe kusimama na kugeuka ukiwa chini kwa miguu kwanza, halafu mpande ndani ya uzio mpaka uone anasimama kila ukimwomba.