Mwalimu, Rhapta Ilikuwa Dar es Salaam?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Mbagala, kibarua wa kupakua mizigo bandarini. Baba yangu mdogo anashikilia kwamba Rhapta, ule mji wa bandari wa zama za Warumi, ulikuwa hapa hapa Dar es Salaam, na kwamba "imeandikwa". Nikimuuliza imeandikwa wapi na nani aliyeandika, anajibu tu: Wagiriki. Juzi tumebishana mpaka mama akatutoa sebuleni. Naomba unieleze, hao Wagiriki waliandika nini hasa?

Msomaji, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo kapatia nusu. Kuandikwa, imeandikwa kweli. Lakini hakuna Mgiriki hata mmoja aliyeandika jambo linalotosha kuuweka mji huo Dar es Salaam, na jiji letu hili lilianza kujengwa na Sultani Majid miaka ya 1860 tu, pembeni ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Sasa tulia nikueleze, maana swali lako nimelibeba muda mrefu.

Maandishi yenye uzito ni mawili. La kwanza ni kitabu kidogo kinachoitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 baada ya Kristo. Mwandishi hakutaja jina lake. Ukimsoma unajua ni mfanyabiashara wa Misri, nchi iliyokuwa chini ya Roma, na bahari anaijua kwa macho yake au kwa masikio ya karibu sana. Hasimulii vita wala wafalme wa hadithi. Anaandika kama mtu wa Kariakoo mwenye daftari mfukoni: hapa wananunua nini, hapa wanauza nini, ushuru anachukua nani, na safari ianze mwezi gani. Kwa masoko ya Somalia, njiani kuja pwani yetu ambayo yeye anaiita Azania, anasema vyombo huondoka Misri mwezi wa Julai.

Rhapta kwake ndilo soko la mwisho kabisa la Azania. Kabla ya kufika unapita kisiwa kiitwacho Menouthias, kiko kama stadia 300 kutoka bara, yaani kilomita 55 hivi, kisiwa cha chini chenye miti mingi. Kutoka hapo ni mwendo wa siku mbili, unaingia Rhapta. Na jina la mji analieleza mwenyewe: limetokana na mashua zilizoshonwa, kwa sababu kwa Kigiriki "rhapta" ni vitu vilivyoshonwa.

Hapa naomba nikae kidogo. Mwezi uliopita nilikwenda Kunduchi kununua samaki, nikamkuta fundi amechuchumaa ubavuni mwa dau, anasukuma pamba iliyolowekwa mafuta ya sifa kwenye nyufa za mbao, kwa patasi na nyundo, taratibu, inchi kwa inchi. Kalafati. Nikamuuliza kama amewahi kuona chombo kisicho na msumari. Akasema hajakiona, ila babu yake alikuwa akitaja mtepe wa kule Lamu, mbao zimetobolewa na kufungwa kwa kamba za makumbi, "nguo ya mbao, mama, imeshonwa kama kanzu." Mitepe ilidumu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Siwezi kukuambia kwamba mashua ya Rhapta ilikuwa mtepe, kuna karne nyingi katikati. Lakini ufundi wa kushona chombo katika bahari hii Mgiriki aliuona akauandika, na babu wa fundi wa Kunduchi aliujua kwa jina.

Mita chache kutoka kwa fundi yalikuwa yamelazwa madema matatu, fito zimesukwa vizuri, mdomo unaingia ndani kama faneli ili samaki aingie asitoke. Mwandishi wetu anasema kwamba watu wa Menouthias wana mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba wana namna yao ya kuvua kwa vikapu badala ya nyavu, wakivitega kwenye midomo ya mikondo ya maji. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Bidhaa sasa, kwa kuwa wewe ni mtu wa mizigo. Zilizoshushwa Rhapta na masoko ya jirani: mikuki iliyotengenezwa makusudi Mouza, bandari ya Yemen upande wa Bahari ya Shamu, mashoka madogo, visu, misharasi (vyuma vyenye ncha vya kutobolea), na vitu vya kioo vya aina mbalimbali. Zilizopakiwa: pembe za ndovu kwa wingi, ingawa anasema hazifikii ubora wa zile za Adulis, bandari ya Eritrea ya leo, pembe za faru, na magamba ya kasa, ambayo anayapanga ya pili baada ya yale ya India. Pia zilishushwa divai na ngano mahali fulani, na hizo, anasema, si za kuuza. Ni za kupata urafiki wa wenyeji. Takrima, basi, na bandari hazijaiacha hadi leo.

Angalia ile misharasi. Watu wengi huipita haraka wakikimbilia pembe za ndovu. Mimi naona mji uliopewa jina la kushona mashua ukiagiza vyuma vya kutobolea, na siamini kwamba ni kwa ajili ya viatu. Hayo ni maoni yangu, lakini nayasimamia.

Kuhusu utawala, kitabu kinasema eneo hilo lilikuwa chini ya mtawala wa Mapharitis huko Yemen kwa haki ya zamani, na watu wa Mouza ndio waliokusanya ushuru. Walituma vyombo vyenye manahodha na mawakala Waarabu, watu waliokwisha kuoa kwa wenyeji, wakaijua nchi na lugha yake. Lugha gani, hakuitaja. Usimruhusu mtu akwambie ni Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kilikuwa bado hakijazaliwa.

Jambo moja ambalo baba yako mdogo hakuambiwa: hatuna karatasi aliyoiandika yule mfanyabiashara. Tulicho nacho ni nakala ya karne ya 10, iliyohifadhiwa Heidelberg, Ujerumani, na nyingine ya baadaye kabisa iliyoko London. Karne tisa hivi zimepita kati ya mwandishi na nakala. Aliyenakili alichoka au hakuelewa majina ya huku kwetu, kwa hiyo mahali pa jina la kile kisiwa kuna mlolongo wa herufi usiosomeka, wasomi ndio walioukata wakapata "Menouthias".

Kuna kosa jingine linaloniuma zaidi. Kitabu kinasema wenyeji wa Rhapta ni watu wenye miili mikubwa sana, na kila mmoja mahali pake ana hadhi kama ya chifu. Halafu kuna neno moja linalowaelezea, na lilivyoandikwa kwenye nakala halileti maana pale. Wilfred Schoff alipotafsiri mwaka 1912 alilichukua kama linatokana na "maharamia". Lionel Casson, mwaka 1989, akalisoma "wakulima". Herufi chache tu! Kwa miaka mingi watoto wa pwani hii waliofungua tafsiri ile ya kwanza walisoma kwamba wazee wa zamani wa hapa walikuwa wanyang'anyi wa baharini. Mimi niko na Casson, na si kwa sababu ya kujipendelea. Mtu akishuka na ngano yake ya takrima, akaoa, akajifunza lugha, akarudi mwaka hadi mwaka, hao aliowafikia hawakuwa wakimvizia.

Andiko la pili ni la Ptolemy wa Aleksandria, karibu mwaka 150. Huyu hakuja. Alikuwa mtaalamu wa ramani, anakusanya taarifa za mabaharia kupitia mtu mwingine aliyemtangulia, Marinus wa Tyre. Kwake Rhapta si soko tu, ni mji mkuu, na hauko ufukweni. Umeingia ndani kidogo ya nchi kavu, karibu na mto wa jina hilo hilo, na kuna rasi ya jina hilo pia. Anataja mabaharia wawili ambao mimi nawapenda kama jamaa zangu. Mmoja, Diogenes, alikuwa akirudi kutoka India, akafika kwenye rasi ya Aromata, Guardafui ya Somalia, upepo wa kaskazini ukamsukuma siku 25 mpaka karibu na Rhapta. Mwingine, Theophilus, alitoka Rhapta kwa upepo wa kusini akafika Aromata siku ya 20. Muulize nahodha yeyote wa jahazi pale Malindi, Unguja, atakwambia majina ya pepo hizo bila kufikiri. Kaskazi ilimleta Diogenes, kusi ikamrudisha Theophilus.

Sasa mtego. Ptolemy anaweka Rhapta digrii 7 kusini mwa ikweta, na Dar es Salaam iko karibu sana na hapo. Naona baba yako mdogo anaruka kitini! Mwambie akae. Ptolemy hakupima kwa chombo chochote pale Rhapta. Alihesabu siku za safari akazigeuza kuwa umbali, na hesabu za namna hiyo hupotoka kwa mamia ya kilomita. Hata kisiwa cha Menouthias amekitupa mbali kusini, kuelekea rasi ya Prason, ambayo kwake iko kusini zaidi ya Rhapta, wakati yule mfanyabiashara anakiweka kabla hujafika Rhapta. Wawili hawa hawapatani, na mimi kwenye ugomvi huo namwamini mwenye daftari.

Ukifuata daftari, stadia 300 zinakaribiana na Pemba kuliko Unguja, na kuliko Mafia, ambayo iko jirani mno na bara. Kutoka Pemba siku mbili kusini zinaweza kukufikisha pwani ya Dar es Salaam au kwenye delta ya Rufiji. Ukisema kisiwa ni Unguja, unateremka zaidi. Wapo pia waliosema Pangani, na mimi mwenyewe nilifundisha hivyo miaka mingi kwa sababu kitabu cha kufundishia kilisema hivyo, bila kuwaambia wanafunzi kwamba ni pendekezo tu. Nawaomba radhi wote niliowafundisha.

Leo nikilazimishwa kuchagua, nachagua Rufiji. Kuna mto mkubwa, kama Ptolemy anavyotaka, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza mwaka 1999 shanga za kioo za Kirumi kutoka eneo hilo. Shanga si mji. Ila ni kioo, na kioo kimo kwenye orodha ya mizigo.

SWALI

Mwalimu, mwaka 2016 habari zilisema mpiga mbizi ameona magofu chini ya maji karibu na Mafia, na kwamba ndiyo Rhapta. Mbona kimya?

Msomaji, Kigamboni

JIBU

Habari hizo zilikuwa za kweli kwa maana kwamba mawe yalionekana na wataalamu wakasema yachunguzwe. Kuyaita Rhapta ni hatua nyingine kabisa. Mawe yaliyopangika hayatoshi. Vinatakiwa vigae vya mitungi ya wakati huo, kioo, makaa ya moto yanayoweza kupimwa umri. Na kumbuka Ptolemy: mji umeingia ndani kutoka baharini. Anayetaka kuuweka chini ya maji ya Mafia inabidi kwanza aeleze hilo.

Ninyi mlio Mkuranga, Kibiti na Rufiji, mnaochimba visima na misingi ya nyumba, mkikuta shanga au kigae kwenye udongo wa chini, msikioshe na msikihamishe. Kipigeni picha hapo hapo kilipo, pimeni kina chake kwa futi, kisha mpelekeeni taarifa afisa utamaduni wa wilaya.