Maswali ya Wasomaji: Kuurekodi Mpira wa Jadi wa Ashbourne

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea utengenezaji wa filamu hapa Uingereza. Ninakusudia kurekodi mpira wa jadi unaochezwa mitaani Ashbourne, mji mdogo wa Derbyshire, Jumatano ya Majivu na siku inayoitangulia. Wenzangu waliokwenda mwaka jana walirudi na picha za migongo ya watu tu, mpira wenyewe haukuonekana. Nifanyeje?
Msomaji, Derby

JIBU: Ndugu msomaji, migongo hiyo ndiyo mchezo wenyewe, kosa la wenzako ni kuusaka mpira. Wachezaji huuzingira na kusukumana katika kundi ambalo wenyeji huliita kumbatio, na mpira waweza kufichika humo kwa muda mrefu sana. Tafadhali usiingie humo, kwani wachezaji wenyewe hubanwa vibaya, sembuse mtu aliyeshika kamera. Omba ruhusa ya kusimama kwenye dirisha la ghorofani, urekodi mvuke unaopanda kutoka miilini mwao katika baridi ile, na chini utege maikrofoni, kwa sababu kelele za watu hukujulisha mpira unaelekea wapi kabla macho hayajatambua.

Kisha shuka kwenye kijito cha Henmore, kinachoigawa jamii ya mji: waliozaliwa kaskazini mwake ni Up'ards, wa kusini ni Down'ards, na magoli yao, Sturston na Clifton, yametengana kwa maili 3 hivi. Mpira hujazwa gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa ili uelee, hivyo mchezo huendelea hata majini, na hapo ndipo utakapozipata nyuso ambazo barabarani zilifichwa na migongo.

Mchezo huanza saa 8 mchana na waweza kufika saa 4 usiku, ilhali jua la majira hayo huzama kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Chukua lenzi inayomudu mwanga hafifu, wala usiwamulike watu taa usoni. Mimi ningefika tangu asubuhi, wenye maduka wakiwa bado wanapigilia mbao madirishani, maana picha hizo humweleza mtazamaji ukubwa wa jambo linalokuja kuliko maelezo yoyote ya msimulizi.

Goli hufungwa kwa kuugonga mpira mara 3 kwenye jiwe la kinu, na mfungaji hubebwa mabegani kurudishwa mjini. Bakiza betri moja kwa ajili ya safari hiyo.