Bia changa, ndizi mbichi: kabla hujampeleka mzazi wako kula Moshi mjini

Desemba iliyopita mama yangu alitimiza miaka 70, nikataka akae mezani kama mgeni, apakuliwe, asiguse sufuria. Nje ya harusi na misiba sikumbuki siku aliyowahi kufanyiwa hivyo. Nikachagua mgahawa mmoja wa Moshi mjini unaopika bia yake wenyewe, matangi ya chuma yakionekana nyuma ya kioo. Mama amepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, Kibosho tangu kabla sijazaliwa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mbege hiyo. Niliona atafurahi kutazama kazi yake ikifanywa kwa mitambo.

Hakufurahi, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Sitautaja mgahawa wenyewe. Ila Desemba nyingine haiko mbali, wengi wetu tutapanda tena nyumbani, na wengi tutawatoa wazazi wetu jioni moja ya sikukuu. Nisingependa yaliyotupata yampate mama wa mtu mwingine.

Tulifika saa moja jioni, watu sita: mama, mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, na mdogo wangu, ambaye ni mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani. Bei zilikuwa za watalii na nilijiandaa nazo: machalari 25,000, nusu kuku na chipsi 32,000, glasi ya bia 12,000. Sikuwa na kinyongo na bei. Mtu akipika vizuri, ana haki ya kuuza ghali.

Bia zilitangulia. Mama alichukua ya kwake, akainusa kama anavyonusa pipa asubuhi, akaionja kidogo, akairudisha mezani. Akasema kwa sauti ya chini, "Hii haijaiva. Wameitoa mapema."

Nilidhani ni kwa sababu hajazoea. Nikanywa ya kwangu, na hapo ndipo nikaisikia: harufu ya tofaa bichi, na ladha ya hamira iliyoganda juu ya ulimi. Baadaye nilisoma kuhusu jambo hilo nikakuta mama alikuwa sahihi kabisa. Hamira inapoanza kuigeuza sukari kuwa kilevi, hutoa kwanza kitu kiitwacho asetaldehaidi, chenye harufu hiyohiyo ya tofaa bichi. Ikiachiwa siku zake, hamira hiyohiyo hukirudia na kukimaliza, bia ikatulia. Bia nyingi za migahawa ya namna hii huhitaji wiki mbili mpaka tatu hivi. Ukiimimina kabla, mnywaji anapata kazi iliyoachwa njiani.

Mama hajui asetaldehaidi, anajua kuhesabu siku. Mbege ya Krismasi huihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 24: siku za kukata ndizi na kuzivundika mpaka ziive, siku ya kuzichemsha kutwa nzima mpaka zigeuke rangi, siku za kuziacha zichachuke, siku za kuotesha ulezi na kuuanika, na mwisho uji wa ulezi huo unaochanganywa na maji ya ndizi. Magome ya msesewe ndiyo yanayoipa uchungu wake. Mteja akija na pesa mkononi siku moja kabla, mama humwambia arudi kesho. Nimemwona akifanya hivyo hata miaka ambayo ndani hapakuwa na pesa ya chumvi.

Ni nini kilichowafanya watu wa mjini washindwe kusema "rudi kesho"? Mdogo wangu ndiye aliyenionyesha, kwa kidevu tu. Upande wa pili ilikuwa imepangwa meza ndefu, wageni wapatao 20 wenye nyuso zilizoungua na jua, vyeti vyao vya kufika kileleni vimelazwa kati ya chupa. Walikuwa wameshuka kwa njia ya Mweka siku hiyohiyo, na kampuni iliyowapandisha ilishawaagizia chakula tangu jana. Kuanzia katikati ya Desemba msimu wa mlima unapamba moto tena baada ya mvua za vuli. Wakati huohuo Wachagga wa Dar, Arusha, Mwanza na kwingineko wanarudi nyumbani. Umati wa aina mbili unakutana katika mji mmoja, na matangi yaliyo nyuma ya kioo ni yaleyale ya mwezi Mei. Bia inaondoka kabla ya siku zake. Na jiko, jioni ile, lilikuwa la meza ndefu.

Tulisubiri kwa muda wa karibu saa mbili.

Machalari ninayoyajua mimi ni ndizi mchare na nyama yenye mfupa, kitunguu, nyanya na mafuta, vikae pamoja motoni mpaka ndizi inywe mchuzi na nyama iachie mfupa. Tulichopewa ni ndizi zenye moyo mgumu katikati, na vipande vya nyama vilivyochemshiwa kwingine vikaja kukutanishwa nazo sahanini, juu yake umemwagiwa mchuzi wa nyanya ya kopo. Mama alikula kingo za ndizi, pale palipolainika, akizunguka katikati kwa kijiko. Alifanya hivyo taratibu ili nisione. Niliona.

Kuku ndiye aliyenitia hofu. Mwanangu mdogo alivunja paja, na karibu na mfupa nyama ilikuwa bado ya waridi, maji yake mekundu yakitoka. Nilimwondolea sahani, nikampa chipsi zangu.

Kisha mhudumu akaja, binti mpole aliyekuwa akikimbia kati ya meza jioni nzima, akauliza, "Chakula kizuri?"

Nikajibu, "Kizuri, asante."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Tumelelewa kwamba mgeni hakosoi chakula, na malezi hayo ni mema, lakini ni ya nyumbani kwa mtu aliyekukirimu. Pale nilikuwa mnunuzi. Kuku mbichi aliyebaki jikoni yawezekana alipelekwa kwa mtoto wa meza nyingine, kwa kuwa mimi nilisema ni mzuri.

Bili ilikuja shilingi 215,600. Vyakula na vinywaji vilikuwa 196,000. Hiyo 19,600 ya ziada ni asilimia 10 ya huduma, iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa mwisho wa menyu. Nililipa, tukapanda gari, na mpaka Kibosho mama alizungumza habari za migomba.

Siku mbili baadaye nilipiga simu. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, kisha akasema maneno ambayo sikuwa na jibu lake: "Kaka, ungeniita palepale ningekubadilishia na kuku ningemtoa kwenye bili. Sasa sahani imeshaoshwa, nitaangalia nini?"

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huo: sema sahani ikiwa bado mezani, na ikiwa bado imejaa. Onja vijiko viwili vitatu, ukiona kasoro weka kijiko chini. Ukishakula robo tatu, hata meneja mwema hawezi kukuelewa. Usimkaripie mhudumu, hakupika yeye. Mimi sasa nasema hivi: "Dada, samahani, kuku huyu hajaiva ndani, naomba umwonyeshe mpishi." Neno "umwonyeshe" lina kazi yake. Sahani inayorudi jikoni inaonwa na mtu anayeweza kuitengeneza, na hakuna anayeweza kubishana na nyama ya waridi.

Mengine ni ya kabla ya kuketi. Nikikusudia kula Desemba, napiga simu mchana kuuliza kama kuna kundi jioni. Likiwepo, tunakwenda saa kumi na moja au tunakwenda siku nyingine. Nauliza pia kama bei ni pamoja na huduma na VAT, nikiwa bado nimesimama. Wakikupa menyu ya dola, omba ya shilingi bila aibu, maana kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, chukua kila mara, ukipiga simu kesho yake utakuwa na cha kusoma.

Kuhusu chakula chenyewe, jiko lililozidiwa hulijaribu kwa kitu cha moto wa haraka kinachoonekana, nyama choma unayoichagua ikiwa mbichi na kuiona ikigeuzwa. Machalari, mtori, chochote kinachohitaji muda, nenda ukile mahali wanapokianza asubuhi. Karibu na stendi wapo kina mama wanaoinjika ndizi alfajiri, na sahani yao haifiki 5,000. Ningempeleka mama huko angekula mpaka katikati ya ndizi.

Na bia: omba kuonja kabla ya kuagiza glasi nzima. Sehemu nyingi zinazopika bia zao humimina kidogo bila malipo, wakijua ladha zao ni ngeni kwa watu. Ikinuka tofaa bichi, ni changa. Ikiwa na uchachu usioutegemea, huenda mipira inayoileta bombani haijasafishwa, nayo inatakiwa kusafishwa kila wiki mbili hivi. Hilo hutokea zaidi miezi ya mvua, wateja wakiwa wachache na bia ikikaa. Halafu uliza swali moja tu: hii mliipika lini? Anayejali kazi yake atakuwa na jibu.

Swali hilo si langu. Pasaka tulirudi mjini, mahali pengine, saa kumi jioni, mvua inanyesha na meza nyingi tupu. Mama ndiye aliyemuuliza mhudumu. Binti hakujua, akaomba radhi, akaingia nyuma. Akarudi na kijana mwenye buti za mpira, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo mama. Hii ina siku 19 tangini."

"Marahaba, mwanangu. Uchungu mnautoa wapi?"

Akamweleza juu ya hopsi, maua makavu yanayonunuliwa kutoka nje ya nchi. Mama akamuuliza kama anaujua msesewe. Kijana akasema ameusikia kwa bibi yake, hajawahi kuuona ukitumika. Akajifuta mikono, akavuta kiti.